Safi Mara Mbili

"Mume wangu si kiziwi," mke wa Ndevu alisema kwa mara ya tatu, na safari hii aliutua mfuko wa plastiki juu ya kaunta, katikati ya vikombe vilivyofunikwa. "Alisikia safi mara mbili. Ya kwanza ya Mama Mkubwa, ya pili ya huyu hapa. Muulize meneja wako, mzee. Alinusa, au hakunusa?"

Kwenye swali hilo ndipo tulipowaacha Jumamosi iliyopita, watu watatu ndani ya mkahawa uliofungwa, wawili wakimtazama mmoja. Jibu lilikuwa neno moja. Meneja mpya alilijua, na alilimeza.

Kama ndiyo kwanza unaingia, vuta kiti. Mkahawa huu hukaanga buni zake wenyewe, katika chumba kidogo cha nyuma chenye mlango wa chuma na mtungi wa gesi. Kila asubuhi, kabla moto haujawashwa, watu wawili husimama mlangoni na kunusa. Wa kwanza ni mkaangaji, Mama Mkubwa. Wa pili ni meneja. Kila mmoja akiridhika husema "Safi". Hapo Ndevu, mhudumu ambaye magoti yake bado yanakunjika, huchuchumaa chini ya kaango na kupiga kiberiti. Safi moja haitoshi. Utaratibu huo una miaka kumi na moja na haujaandikwa popote, maana hakuna aliyewahi kuusahau.

Alhamisi safi zilitoka mbili. Kiberiti kikapigwa. Moto ukamrukia Ndevu usoni na mikononi.

Sasa ilikuwa Jumamosi, saa tano kasorobo, na meneja aliyesema safi ya pili alikuwa na wiki mbili tu kwenye cheo. Jina lake la nyumbani ni Mama Pacha. Meneja lilikuwa jina jipya, bado linambana kama kiatu cha dukani.

Tajiri, mwenye mkahawa, ndiye aliyejibu badala yake. Alisema mtu aliyeungua huchanganyikiwa, husikia hata yasiyosemwa. Mke wa Ndevu akamwambia mumewe aliungua uso, masikio yake ni mazima. Mama Pacha alikaribia kucheka, akaona haya.

Tajiri akamgeukia. "Haya, sema wewe. Tulimalize."

Mdomo ulifunguka. Lakini sauti iliyosikika ilitoka nyuma, kwenye mlango wa jiko.

"Nilinusa mimi." Mama Mkubwa alikuwa anafuta mikono kwenye aproni, na mikono yenyewe ilikuwa mikavu. "Palikuwa safi. Ndevu ana haraka zake. Alipiga kiberiti kabla hatujamaliza."

Tajiri alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Neno la Mama Mkubwa lilikuwa neno la mkahawa. Alikuwapo kabla ya mashine, kabla ya kaunta, kabla hata ya huyu Tajiri mwenyewe kurithi mahali hapa kwa baba yake.

Mke wa Ndevu alimtazama yule mama kwa muda. Hakupandisha sauti tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mume wangu anakuita mama," alisema. "Wiki nzima alikuwa na mafua, pua imeziba kama imepigwa lipu. Ndiyo maana alisimama kusubiri pua zenu."

Alipofika mlangoni Tajiri alimwambia amesahau mfuko. Akajibu kwamba hajasahau. Ndani yake mlikuwa na aproni ya Ndevu. Ni mali ya mkahawa, na yeye hapendi kukaa na mali za watu.

Mlango ulijifunga nyuma yake taratibu.

Tajiri hakupoteza dakika. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza ya dirishani. Mkaguzi wa gesi angefika saa sita. Mkaguzi angetaka maelezo ya meneja. Maelezo yenyewe yalikwisha kupigwa chapa, mistari miwili tu: mfanyakazi aliwasha moto bila kusubiri ruhusa, na kwa sababu hiyo ameachishwa kazi kuanzia leo. Chini yake neno Meneja, nukta mbili, na mstari mtupu.

Mama Pacha aliuliza kama Ndevu ataachishwa kazi akiwa bado kitandani hospitali.

"Unataka nimngoje apone ndiyo nimfukuze?" Tajiri aliuliza. Hakuwa anatania. Alimweleza, kwa upole hasa, kwamba mkahawa ukionekana hauna utaratibu utafungwa, na ukifungwa hakuna atakayebaki, si mkaangaji wala meneja. Mtu mmoja au wote. Uongozi ndio huo. Kisha akachukua funguo za gari kwenda kumchukua mkaguzi, na mlangoni akaongeza kwamba akirudi aikute imesainiwa.

Wakabaki wanawake wawili, mfuko na karatasi.

Mama Pacha aliketi. Wiki mbili zilizopita, usiku wa kupandishwa cheo, wanawe pacha walimlazimisha achague saini mpya. Walijaza kurasa nne za daftari la hesabu. Mmoja alitaka yenye mkia, mwingine yenye duara. Wakakubaliana mkia na duara vyote viwepo, maana mama ni meneja. Saini ile haikuwa imetumika bado. Leo ingetumika mara ya kwanza, kummaliza mtu.

Nyuma yake Mama Mkubwa aliufungua mfuko.

Mama Pacha alikuwa hatua nne mbali, na harufu ilimpiga puani kama kofi: nywele zilizoungua, nailoni iliyoyeyuka, dawa kali ya hospitali. Alifunika pua kwa kiganja.

Mama Mkubwa aliinamisha uso ndani ya mfuko, akaitazama aproni, akaikunja vizuri, akaufunga mfuko. Hata unyusi haukusogea.

Kuna mambo ambayo mtu huyaona siku nyingi, yakakaa kichwani kila moja kwenye kona yake, mpaka siku moja yanaitana. Maziwa yaliyoharibika wiki iliyopita, ambayo Mama Mkubwa alitaka kuyachemsha. Na ile saa ndogo ya kengele ndani ya mfuko wa aproni yake. Mama Mkubwa, aliyekuwa akisema kila siku kwamba anayekaanga kahawa kwa saa akachemshe mayai. Miezi mitatu sasa saa ile ililia kila asubuhi nyuma ya mlango wa chuma, na wote wakadhani anamtunzia Ndevu.

Mama Pacha alisimama. Alichokifanya baada ya hapo hajakisamehe mpaka leo.

Juu ya kaunta kuna makopo matatu yenye vifuniko vya matundu. Wateja huyanusa kabla ya kuchagua kahawa. Alilichukua la katikati, akaingia nalo jikoni, akamwaga nusu ya buni kwenye bakuli. Juu ya zilizobaki akaweka kitambaa alichokichovya kwenye dawa ya kusafishia choo. Akafunika. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya dawa.

"Mama Mkubwa," alisema aliporudi, "hebu ninusie hizi. Sijui za Jumatatu au za Jumatano."

Mama Mkubwa alilipokea kopo kwa mikono miwili, kama alivyolipokea siku zote. Alifumba macho. Alilisogeza chini ya pua, akavuta pumzi ndefu, akalizungusha kidogo, akavuta tena.

"Jumatano," alisema. "Zimeiva vizuri."

Mama Mkubwa alifumbua macho, akauona uso wa mwanawe, na akaelewa kabla hajafungua kifuniko. Alikifungua hata hivyo. Akakitazama kitambaa.

"Umenijaribu," alisema.

"Nimekujaribu, Mama."

"Mtoto niliyemnyonyesha kwa chupa, mkono huu."

Ilikuwa kweli. Mama Mkubwa ni dada mkubwa wa marehemu mama yake Mama Pacha. Mtoto alikuwa na miezi mitano mama yake alipofariki. Kila kitu alichonacho mwanamke huyu, tangu meno mpaka stashahada yake ya uendeshaji wa mikahawa, kilipita kwenye mikono iliyolishika kopo lile.

Mama Mkubwa aliketi kwenye kiti cha mteja. Miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa kwenye kiti cha mteja. Akaomba kahawa.

Mama Pacha aliwasha mashine, akatengeneza kikombe kimoja kizito, akakileta. Mama Mkubwa alikunywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akameza.

"Ya moto," alisema. "Hicho tu ndicho ninachokipata. Moto na baridi, chumvi na sukari. Mengine yameondoka."

Yaliondoka na ile homa ya msimu wa mvua. Siku ya nne aliamka, akaja kazini, akadhani wamesahau kukaanga. Aliwagombeza watu wote asubuhi ile, mnakumbuka. Jioni aliponusa sabuni na isinuke, ndipo alipojua. Alikwenda zahanati, wakamwambia huenda itarudi, huenda isirudi, avute subira. Akavuta. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini walikuwa wanasema juu ya maradhi ya mwenyewe. Haya ya Mama Mkubwa yalimuumbua mtu mwingine.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Pacha aliuliza.

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Nilipokwenda kwa Tajiri kukuombea umeneja." Alikizungusha kikombe kwenye kisahani. "Unadhani ni cheti chako? Alitaka kuleta mtu wake kutoka nje. Nilimwambia akileta mtu wa nje naondoka. Nilitaka pua ya pili iwe yako. Nilijua hata mimi nikisema safi gizani, wewe utanusa kweli. Nimekulea. Huwezi kusema safi bila kunusa."

Mama Pacha alishika ukingo wa meza.

Sasa msomaji, neno lile alilolimeza mbele ya mke wa Ndevu, hapa ndipo lilipotoka.

"Sikunusa," alisema.

Mama Mkubwa hakuelewa mara moja. Ilibidi aelezwe kama mgeni. Siku ya kwanza ya umeneja Mama Pacha alikwenda mpaka mlangoni, akainama kunusa, akainua uso na kukuta Mama Mkubwa anamkodolea macho. Aliyasoma macho yale kwamba ni uchungu. Leo umekuwa mkubwa kiasi cha kunikagua mimi? Aliona aibu. Kesho yake akasimama huku kwenye kaunta, akaandika zamu zake, na aliposikia safi ya kwanza akatupa ya pili kwa sauti, kupitia ukumbini. Na kesho yake vivyo hivyo. Siku kumi na mbili.

"Ningenusaje nyuma yako?" alisema. "Ingekuwa kama nakuambia sikuamini."

"Nilikuwa nakutazama nione kama unanusa sawasawa," Mama Mkubwa alisema polepole. "Nilikuwa nafurahi."

"Na siku zote hizo hukugeuka ukaona sipo nyuma yako?"

"Sikugeuka. Niliogopa ukiniona usoni utajua."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mmoja hakunusa kwa heshima, mwingine hakugeuka kwa aibu, na kila mmoja aliiegemea pua ya mwenzake. Kati yao alichuchumaa mtu mwenye mafua na kiberiti mkononi.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano na nusu.

Mama Mkubwa ndiye aliyeanza tena, na nitawaambia alichosema, ingawa wengi mnampenda. Alisema: saini. Alisema Ndevu bado ana nguvu, atapata kazi popote penye sinia na meza. Yeye ana nini nje ya mlango ule? Chumba kimoja, redio, na dirisha la kutazama ukuta wa jirani. Alisema anaweza kuendelea kukaanga kwa masikio, buni hupasuka na sauti zake anazijua, na kuanzia sasa mwanawe atanusa kweli, na halitatokea tena. Alisema yote hayo huku akiitazama aproni yake, akilikunja pindo lake na kulikunjua. Alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kuomba kitu, na hakujua kuomba. Aliomba vibaya.

Mama Pacha aliichukua kalamu.

Nisimtetee. Aliichukua, na akaiweka juu ya mstari. Aliwaza pacha wake na sare zao za shule. Akawaza yule mama mbele yake, chumba kimoja na redio. Mkia na duara, sekunde mbili, basi.

Simu ikalia.

Ilikuwa namba ya Ndevu. Mama Pacha aliitazama mpaka ikakaribia kukata, ndipo akaipokea. Muuguzi alisema anamshikia mgonjwa simu, mikono yake imefungwa, tafadhali asimchoshe.

"Meneja," Ndevu alisema. Tangu siku ile ya kwanza alikuwa akilisema neno hilo huku akipiga saluti na sinia, kumchokoza. Safari hii sauti ilitoka kama imefunikwa na blanketi. "Ndevu zimekwisha zote. Itabidi mnitafutie jina jingine."

Mama Pacha alisema watalitafuta.

"Nasikia mke wangu amekuja kuwafanyia fujo. Msimchukulie vibaya, hajalala tangu Alhamisi." Akapumzika kidogo. "Nimekuwa nafikiri hapa. Labda alikuwa sahihi Tajiri. Labda nilisikia safi moja tu, na ya pili nikajisemea mwenyewe kichwani. Mafua yalikuwa yameziba mpaka masikio. Maana nyinyi, nyinyi hamwezi kusema safi na si safi. Mama Mkubwa hawezi. Kwa hiyo ni mimi. Mwambie Mama anisamehe, nimemharibia chumba chake."

Simu ilikuwa na sauti kubwa na mkahawa ulikuwa mtupu. Mama Mkubwa aliyasikia yote.

Muuguzi alirudi, akasema inatosha.

Mama Pacha aliiweka simu mezani. Alimtazama mama yake mkubwa, na yule akamtazama yeye. Nadhani kama mmoja wao angelia, mambo yangekwenda kwingine. Hakuna aliyelia.

"Andika langu," Mama Mkubwa alisema. "Langu peke yake. Wewe una watoto."

"Na ya pili alisema nani?"

"Sema nilisema zote mbili."

"Ndevu anaijua sauti yangu, Mama. Tukisema hivyo, bado atakuwa hakusikia sawasawa." Aligeuza karatasi ya Tajiri upande wa nyuma, uliokuwa mweupe. "Ameanza kuyakana masikio yake kwa ajili yetu. Akipona atakwenda wapi na masikio asiyoyaamini?"

Akaandika. Hakuandika mengi; mtu aliyesomea kazi hujua taarifa ni nini. Safi ya kwanza ilisemwa na mkaangaji, ambaye hanusi tangu miezi mitatu iliyopita. Safi ya pili ilisemwa na meneja, ambaye alikuwa kwenye kaunta na hakunusa. Mhudumu aliuliza, alisubiri, alisikia zote mbili, akawasha kama utaratibu unavyotaka. Hana kosa.

Kalamu ilisita mara moja tu, kwenye maneno ambaye hanusi. Mama Mkubwa, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, alisema, "Weka tangu msimu wa mvua. Ni sahihi zaidi." Akaweka.

Saini ya mkia na duara ilikaa vizuri. Pacha wangefurahi.

Saa sita juu ya alama gari lilisimama. Tajiri aliingia na mkaguzi, mtu mwembamba mwenye chupa ya povu la sabuni ya kupimia mabomba. Tajiri alinyoosha mkono kupokea karatasi. Mama Pacha akampita, akampa mkaguzi, upande wa nyuma ukiwa juu.

Mkaguzi alisoma amesimama. Tajiri alisoma juu ya mkono wake, na rangi ikampotea usoni kidogo kidogo. Alisema kwamba meneja ni mgeni, ana uchungu wa ndugu, karatasi sahihi ni ile ya upande wa mbele. Mkaguzi aligeuza, akausoma upande wa mbele, akauona mstari hauna saini, akageuza tena.

Akaenda nyuma na chupa yake. Mama Mkubwa alimfungulia mlango wa chuma. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba nyeusi, mahali ulipokaa miaka yote. Baada ya dakika kumi mkaguzi alirudi na kusema mpira wa gesi una ufa kwenye kiungo, mwembamba kama ukucha wa mtoto. Gesi hutiwa harufu kwa makusudi, alisema. Yeyote aliyesimama mlangoni akavuta pumzi angejua. Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana liliwaingia wote wawili.

"Asiyenusa hawezi kukaa na ufunguo huu," alisema. "Hata dakika moja zaidi. Nani meneja hapa?"

Tajiri alitazama viatu vyake.

"Mimi," Mama Pacha alisema.

"Basi uchukue."

Angeweza kumwomba auvue mwenyewe. Alifikiri hivyo, na akaona kwamba hiyo ingekuwa kumwachia mzee kazi yake ya umeneja. Alimwendea. Mama Mkubwa aliinamisha kichwa, kama mtoto anayesukwa, na kamba ikakwama kwenye fundo la kitambaa cha kichwani. Ilibidi alifungue fundo kwanza. Nywele zilizotokea zilikuwa nyeupe tupu. Hakuwa ameziona kwa muda mrefu. Akaitoa kamba. Akalifunga tena lile fundo, vizuri, kwa kulikaza kidogo kama Mama Mkubwa anavyopenda.

"Usiulaze mfukoni," Mama Mkubwa alisema. "Utatoboa mfuko."

Basi Mama Pacha akauvaa.

Mama Mkubwa aliivua aproni, akaitoa ile saa ya kengele, akaiacha juu ya kaunta karibu na mfuko wa plastiki. Alikibeba kikombe chake mpaka jikoni akakiosha. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, wa wateja, kwa sababu wa nyuma hakuwa na ufunguo wake tena.

Tajiri alingoja mpaka mkaguzi naye akatoka. Alisema kwamba Mama Pacha amejichimbia kaburi na kulipaka chokaa. Jumatatu saa moja asubuhi atakuja na uamuzi wake, na huenda akaja na meneja mwingine. Mpaka hapo asiguse kitu.

"Nitagusa simu," Mama Pacha alisema. "Sijamaliza."

Akapiga mbele yake, amesimama palepale kwenye kaunta, mahali aliposimama siku kumi na mbili. Mke wa Ndevu alipokea kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kugombana.

"Dada," Mama Pacha alisema, "mumeo alisikia vizuri. Safi zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa yangu, na sikunusa. Mama Mkubwa hanusi tangu msimu wa mvua. Mumeo hana kosa lolote, na nimeandika hivyo."

Upande wa pili kilisikika kitu kama kiti kinaburutwa sakafuni, halafu nguo ikisugua simu.

"Rudia," mke wa Ndevu alisema. "Nimekuweka karibu na sikio lake."

Mama Pacha alivuta pumzi kwa pua, ndefu, mpaka akaipata harufu ya kahawa, na ya mashine, na ya aproni ndani ya mfuko. Akarudia yote tangu neno la kwanza, taratibu, asiruke kitu. Kisha akanyamaza, na akamsikia Ndevu anavuta pumzi ili ajibu.